Saltburn: wananchi walipogomea bomoabomoa ya gati lao

Wadau, Uingereza siyo London na Manchester tu. Kaskazini mashariki, pwani ya Yorkshire, kuna kimji kinaitwa Saltburn-by-the-Sea. Timu ya ligi kuu hawana, lakini stori wanazo.

Zamani kilikuwa kijiji cha wavuvi na watu wa magendo. Mwaka 1861 reli ikafika, na tajiri mmoja wa reli, Henry Pease, akajenga mji wa mapumziko juu ya jabali. Mitaa ikapewa majina ya vito. Ukitafsiri ni Mtaa wa Almasi, Lulu, Zumaridi, Yakuti... mbwembwe tupu!

Mwaka 1869 wakafungua gati la futi 1,500. Siyo la kushushia makontena, ni la kutembea juu ya bahari na kupunga upepo. Tatizo likawa kupanda tena lile jabali. Ndiyo ikaja lifti ya mwaka 1884, na hii mimi ndiyo inanimaliza kabisa. Ni vibehewa viwili juu ya reli ya mteremko, vimeunganishwa kwa kamba ya chuma, kila kimoja kina tangi la maji chini yake. Cha juu kinajazwa maji mpaka kinakizidi uzito cha chini. Breki ikiachiwa kinashuka, na kinapoteremka kinamvuta mwenzake juu. Kikifika chini maji yanamwagwa, pampu inayarudisha juu. Injini ya kuvuta abiria haipo!

Gati lenyewe limepata taabu sana. Mwaka 1875 dhoruba ilikata ncha yake. Mwaka 1924 meli ya Ovenbeg ikalipasua katikati. Mwaka 1940 kipande kikaondolewa makusudi, Wajerumani wasije wakashukia hapo. Dhoruba za miaka ya 70 nazo zikaongezea, na mwaka 1975 halmashauri ikaomba kibali cha kulibomoa, eti gharama.

Wananchi wakaja juu. Ukafanyika uchunguzi wa hadhara, watu wakajenga hoja zao, na uamuzi ukatoka: nguzo za mwisho zilizoharibika ziondolewe, sehemu iliyobaki itengenezwe. Likafunguliwa tena 1978.

Sasa lina futi 681, hata nusu ya lile la kwanza halifiki. Ila magati mengine ya starehe ya Yorkshire yote yalishakwenda na maji. Limebaki hilo moja.