Usiguse Saa Kabla ya Kupima Kosa

Vijiji vya wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, vilivyo ukingoni mwa Mto Kagera, vinavyotazamana na Rwanda, vina kero ambayo mtu wa Kayanga mjini, katika wilaya jirani ya Karagwe, huenda hajawahi kuiona. Simu ikidaka mnara wa ng'ambo, saa yake inarudi nyuma kwa dakika 60 kamili, kwa sababu Rwanda hufuata majira ya Afrika ya Kati na sisi Tanzania tunafuata ya Afrika Mashariki. Kule Murongo, mkabala na Uganda, simu ikidaka mnara wa jirani hakuna kinachobadilika, maana majira ni yale yale.

Mwenye simu hugutuka mapema, akaizima ile sehemu ya saa ya kujiweka yenyewe, mambo yakaisha. Taabu iko kwenye vifaa visivyo na mtu wa kuvitazama: ruta ya laini ya simu, kinasa joto cha jokofu, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi iliyofungwa ukutani. Ndani ya vingi vya vifaa hivi kuna Linux, na kila kimoja kina saa yake.

Tuseme uko kwenye kituo cha afya. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Asubuhi muuguzi anasoma kumbukumbu. Kinasa joto kinasema joto lilianza kupanda saa 6:50 usiku. Seva ndogo, inayoshikiliwa na betri, inasema umeme ulikatika saa 7:40. Kwa hesabu hiyo jokofu lilianza kupata joto dakika 50 kabla umeme haujakatika, kwa hiyo jokofu ni bovu. Lakini kama kinasa joto kina laini yake ya simu na kilidaka majira ya Rwanda, saa 6:50 yake ni saa 7:50 yetu, yaani dakika 10 baada ya umeme kukatika. Jokofu ni zima. Namba ni zile zile, uamuzi ni tofauti kabisa.

Fundi asiye na subira hufungua kifaa na kuweka saa kwa mkono. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu ukubwa wa tofauti ndio unaosema ugonjwa ni upi.

Tofauti ya saa moja kamili ni suala la majira. Linux huhesabu muda ndani yake kwa UTC, saa ya dunia, na majira ni kama miwani tu ya kuutazamia. Saa yenyewe haina kasoro. Kinachobadilishwa ni mpangilio wa majira, uwe Africa/Dar_es_Salaam, na kifaa kikatazwe kufuata majira ya mnara. Tofauti ya saa tatu kamili ni ndugu yake: saa ya betri iliyo kwenye ubao imewekwa kwa saa ya Tanzania ilhali mfumo unaisoma kama UTC, au kinyume chake. Na ukikuta tofauti ya saa sita, usitafute mbali. Kuna mtu aliambiwa ni saa mbili asubuhi, akaandika 02:00.

Tarehe ikisoma Januari 1, 1970, saa 9 usiku, kifaa hakina betri ya saa, au ipo na imekufa. Linux huanza kuhesabu sekunde tangu usiku wa manane wa siku hiyo kwa UTC, ambao kwetu ulikuwa saa 9. Raspberry Pi hadi toleo la 4 hazikuja na saa ya betri; toleo la 5, lililotoka mwaka 2023, lina sehemu ya kuchomeka betri. Mfumo wake hujisaidia kwa kuandika muda kwenye memori kadi mara kwa mara na kuusoma tena unapowaka. Ndiyo maana Raspberry Pi iliyozimika kwa saa tano bila intaneti huamka ikidhani haikulala kabisa. Kosa linalolingana na urefu wa giza la jana limetoka hapo. Ubao mdogo wa DS3231 wenye betri bapa ya CR2032 unalitibu, na wenyewe hupotea kama dakika moja tu kwa mwaka.

Kosa linaloanza dogo na kukua polepole ni la kijiwe cha kwatzi kinachopiga mapigo ya saa. Kijiwe cha kawaida chenye kosa la sehemu 20 katika milioni hupotea sekunde 1.7 kwa siku, karibu dakika moja kwa mwezi. Hicho si kifaa kibovu. Ni kifaa kisichopata wa kukisahihisha.

Msahihishaji huyo ni itifaki ya NTP, iliyobuniwa na David Mills wa Marekani na kuanza kutumika mwaka 1985. Kifaa kinatuma swali kikiandika saa kilipolituma. Seva inaandika saa ilipolipokea na saa ilipojibu. Kifaa kinaandika saa kilipopata jibu. Kwa namba hizo nne kinakadiria kiko mbele au nyuma kiasi gani. Hesabu hiyo inadhani swali na jibu vimetumia muda sawa njiani. Kwenye laini ya simu iliyolemewa, kwenda kunaweza kuchukua milisekunde 300 na kurudi 100, na nusu ya tofauti hiyo, milisekunde 100, inageuka kosa. Kwa jokofu si kitu. Kwa kipima tetemeko ni jambo jingine: mawimbi ya kwanza hupita kwenye miamba kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lililoutikisa mkoa wa Kagera saa 9:27 alasiri na kuua zaidi ya watu 15, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Leo kuna vipima tetemeko vidogo, Raspberry Shake, vinavyoendeshwa na kompyuta hizi hizi. Kimojawapo kikikosea sekunde moja, umbali wake na chanzo cha tetemeko unakosewa kwa karibu kilomita 6. Ndiyo maana huruhusu kufungiwa kipokezi cha GPS.

Sasa kesi inayowasumbua zaidi vijana wa TEHAMA: Raspberry Pi mbili kwenye jengo moja, moja imeambiwa ifuate nyingine, na haifuati. Mara nyingi ile inayotakiwa kuongoza inaendesha systemd-timesyncd. Programu hiyo hujua kuuliza saa tu, haijui kujibu. Weka programu ya chrony mahali pake, uiruhusu kwa mstari wa allow kuhudumia mtandao wa ndani, uhakikishe poti 123 ya UDP haijafungwa. Hata hapo inaweza kukataliwa, kwa sababu seva ambayo yenyewe haijapata saa ya kuaminika hujitangaza hivyo, na wafuasi huiacha. Mstari wa local stratum 10 huiambia iongoze nyumba hata intaneti ikikosekana.

Kisha andika chronyc sources na utazame safu ya Reach. Ikisoma 377, maswali manane ya mwisho yote yamejibiwa. Hiyo ni namba ya mfumo wa nane. Ikisoma 0, hakuna jibu hata moja, na tatizo ni la njia, si la saa. Kama Reach ni nzuri lakini tofauti bado ni kubwa, ipe chrony muda au iruhusu iruke. Baada ya kuwaka, chrony kwa kawaida husogeza saa taratibu ili kumbukumbu zisirudi nyuma: kwa kasi yake ya juu, sekunde moja huchukua sekunde 12, hivyo kosa la saa nzima huchukua saa 12. Mstari wa makestep 1 3 unairuhusu kuruka katika masahihisho matatu ya kwanza.

Kuna mduara mmoja mbaya. Kifaa kilichoamka mwaka 1970 huona vyeti vya usalama vya tovuti kuwa havijaanza kutumika, na kama kinahakiki majina ya mtandao kwa DNSSEC, hata jina la seva ya saa hakilipati. Kinahitaji saa ili kipate saa. Kipe anwani ya namba ya seva iliyomo humo humo jengoni.

Na seva hiyo ifungiwe kipokezi cha GPS, antena ikae nje, si chini ya bati. Kikikosea sekunde 18 kamili, hakijapokea bado tofauti kati ya saa ya GPS na UTC. Kiache dakika kumi na tano. Kikisema mwaka ni wa karibu miaka 20 nyuma, ni cha zamani: hesabu ya wiki za GPS ilirudi sifuri Aprili 2019, na itarudi tena Novemba 2038.

   

Fundi, ukifika kituoni, chukua kwanza daftari: andika saa ya kila kifaa na saa sahihi kwa wakati mmoja, ndipo urekebishe. Kumbukumbu za jokofu za wiki zilizopita husahihishika kwenye karatasi tofauti ikijulikana. Ukirekebisha saa bila kuiandika, hazisahihishiki tena.