Nyani wa Amboseli na Orodha ya Vyuo Vikuu Bora

Kusini mwa Kaunti ya Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro, wapo nyani ambao maisha yao yameandikwa kwa makini kuliko ya binadamu wengi. Tangu 1971 watafiti wamekuwa wakiwafuata katika mbuga ya Amboseli siku nenda siku rudi: nani kazaliwa na nani, nani kapanda cheo kundini, nani kafiwa na mama angali mchanga, nani kafika uzeeni. Kumbukumbu hizo ndizo zilizoonyesha kwamba jike aliyepata taabu nyingi utotoni huelekea kufa mapema, na kwamba jike mwenye uhusiano wa karibu na wenzake huishi muda mrefu zaidi. Madaktari na wanasaikolojia wa binadamu hurejelea matokeo hayo kila mara.

Mradi huo ulianzishwa na Jeanne na Stuart Altmann kutoka Marekani. Jeanne Altmann alifundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Princeton, na baadaye uongozi ukahamia Duke na Notre Dame, hukohuko Marekani. Wanaowatambua nyani hao mmoja mmoja kwa sura, jua likiwaka na vumbi likitimka, ni Wakenya, na baadhi yao wameifanya kazi hiyo kwa miongo.

Makala ya utafiti inapochapishwa, chini ya jina la kila mwandishi huandikwa taasisi anakofanya kazi. Mashirika yanayopanga vyuo vikuu duniani huhesabu kwa anwani hiyo. Mwandishi akiwa wa Duke, sifa inakwenda Duke. Akiwa wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, haiendi chuo kikuu chochote, kwa sababu makavazi si chuo. Hali ni hiyohiyo Olorgesailie, njia ya Magadi, ambako Louis na Mary Leakey walichimba miaka ya 1940 na ambako taasisi ya Smithsonian ya Marekani imefanya kazi na Makavazi yetu kwa miongo mingi. Ardhi ya Kajiado ni miongoni mwa ardhi zilizochunguzwa sana Afrika, lakini sehemu kubwa ya umaarufu unaotokana na uchunguzi huo huhesabiwa ng'ambo.

Naanza na nyani kwa sababu kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa, na tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, inapofunguliwa, saiba za Kitengela, hukuhuku Kajiado, hujaa wazazi na watoto wao wakiwa na swali moja: chuo bora ni kipi? Na jibu hutolewa kwa kutazama orodha. Mimi naona tunaiuliza orodha swali ambalo haikutengenezwa kulijibu.

Tuzitazame orodha hizo zilivyo. Orodha inayochapwa mara nyingi katika magazeti yetu ni ya Webometrics, iliyoanzishwa mwaka 2004 na maabara moja ya baraza la utafiti la Uhispania. Hadi miaka ya karibuni, nusu ya alama zake zilitokana na wingi wa tovuti nyingine zinazoelekeza wasomaji kwenye tovuti ya chuo husika. Ni kipimo cha jinsi chuo kinavyoonekana kwenye intaneti, na waandaaji wenyewe hawakuficha hilo. Nyingine ni ya Times Higher Education ya Uingereza. Hiyo haikitazami chuo kabisa mpaka kiwe na angalau makala 1,000 za utafiti katika miaka mitano. Ubora wa utafiti, unaopimwa hasa kwa idadi ya watafiti wengine wanaorejelea makala hizo, huchukua asilimia 30 ya alama. Na uwiano wa wahadhiri kwa wanafunzi, yaani jambo ambalo mwanao ataliona kila asubuhi akiingia ukumbi wa mihadhara, una asilimia 4.5 tu.

Hii haina maana kwamba orodha ni uongo. Chuo Kikuu cha Nairobi hakitajwi mbele ya vingine vya Kenya kwa bahati. Kilianza kupokea wanafunzi mwaka 1956 kikiwa chuo cha ufundi cha kifalme, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Dar es Salaam mwaka 1963, kikasimama peke yake 1970. Kwa miaka mingi kilikuwa chuo kikuu cha umma cha pekee nchini, hadi Moi kilipoanzishwa 1984, kikifuatwa na Kenyatta na Egerton kabla ya muongo kwisha. Muda huo wote ulikipa nafasi ya kujenga utafiti. Mfano ninaouheshimu sana ni kliniki ya Majengo, Pumwani, ambako watafiti wa Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamefanya kazi tangu miaka ya 1980 na wanawake waliokuwa wakijikimu kwa biashara ya ngono. Iligunduliwa kwamba baadhi yao hawakuambukizwa HIV ingawa walikabiliwa na virusi mara kwa mara, na ugunduzi huo ukabadilisha mwelekeo wa utafiti wa chanjo duniani. Makala zake zimerejelewa na watafiti wa kila bara. Hapo alama zilikuja nyumbani, kwa kuwa waandishi walikuwa na anwani ya Nairobi.

Lakini kijana wa Kitengela anayetaka kusomea uhasibu hanufaiki na Majengo. Anayetaka uhandisi hali kadhalika. Chuo kikuu ni mkusanyiko wa idara, na idara mbili za chuo kimoja zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi: moja ina maprofesa na maabara inayofanya kazi, nyingine inaendeshwa na wahadhiri wa kibarua wanaolipwa kwa saa na kuchelewa darasani kwa sababu wanatoka kufundisha kwingine.

Kwa hiyo swali ligeuzwe: bora kwa kozi gani? Kwa jamii ya wafugaji kama ya Kajiado, tiba ya mifugo si jambo dogo, na hapo Kabete ndipo penye mizizi. Kitivo cha tiba ya mifugo cha Nairobi kimekuwako tangu 1962, na kimetoa madaktari wa mifugo wa nchi hii kwa vizazi. Anayependa kilimo atazame Egerton, Njoro, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939 na bado kina mashamba yake. Udaktari wa binadamu una Nairobi, lakini pia una Moi mjini Eldoret, ambako kitivo kimekua bega kwa bega na hospitali ya rufaa na ushirikiano wa muda mrefu na Chuo Kikuu cha Indiana. JKUAT pale Juja kilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na uhandisi umekuwa damu yake tangu hapo. Kwa uhasibu na biashara, Strathmore, kilichoanza 1961, kina jina ambalo waajiri wa Nairobi hawalipuuzi, ingawa karo yake ni ya kibinafsi.

Kuna jambo moja ambalo halimo kwenye orodha yoyote na ambalo limewaumiza watu. Kumaliza shahada hakumaanishi kuruhusiwa kufanya kazi. Mhandisi lazima asajiliwe na Bodi ya Wahandisi, na daktari, wakili na muuguzi nao wana mabaraza yao. Wahitimu zaidi ya 100 wa uhandisi kutoka vyuo vya umma walinyimwa usajili kwa madai kwamba kozi walizosoma hazikuwa zimetambuliwa, na wakahangaika mahakamani kwa miaka mpaka Mahakama ya Upeo ilipotoa uamuzi 2018. Ubishi kati ya mabaraza hayo na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kuhusu nani ana mamlaka ya kuidhinisha kozi umeendelea hata baada ya hapo. Mzazi asingoje wakubwa wapatane. Kabla mtoto hajaijaza kozi hiyo kwenye fomu, baraza la taaluma liulizwe kama linamsajili mhitimu wa chuo hicho.

Tusisahau pia kwamba KUCCPS haimpangi mwanafunzi kwa sifa ya chuo. Humpanga kwa pointi za klasta: masomo manne yanayohusiana na kozi, yenye jumla ya pointi 48, yakichanganywa na masomo saba ya gredi ya jumla, yenye pointi 84. Ndiyo maana watoto wawili wenye B wanaweza kutofautiana sana kwenye kozi moja. Na ile alama ya mwisho ya kuingilia, ambayo wazazi huichukulia kuwa kipimo cha ubora, ni pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyepata nafasi mwaka uliotangulia. Inaonyesha wingi wa walioomba. Kozi iliyo Nairobi ina alama ya juu kwa sababu vijana wengi wanataka kuishi Nairobi.

Halafu kuna pesa, na hapa nitakaa kidogo. Tangu 2023 karo ya chuo cha umma hugawanywa sehemu tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa familia. Familia hupangwa katika makundi matano kwa kipato. La kwanza, la wenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, hupewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo 25, na kulipa 5. La tano, la wenye zaidi ya 120,000, hupewa ufadhili wa 30, mkopo 30, na kulipa 40. Chukua mfanyakazi wa eneo la viwanda vya kuuza nje pale Athi River na mkewe anayeuza dukani Noonkopir, kwa pamoja wakipata 60,000. Hao ni kundi la tatu. Kozi ikigharimu 240,000 kwa mwaka, serikali inatoa 120,000, HELB inakopesha 72,000, wao wanalipa 48,000. Mtoto anapewa pia mkopo wa kujikimu wa 50,000 kwa mwaka. Akimaliza miaka minne anadaiwa 488,000 kabla ya riba, ambayo ni asilimia 4.

Mwaka 2025 serikali ilipunguza karo kwa kozi nyingi, na Mahakama Kuu ilikuwa tayari imeutangaza mfumo mzima kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, kabla ya Mahakama ya Rufaa kuusimamisha uamuzi huo. Kwa hiyo tarakimu zitabadilika, na hesabu ifanywe upya kila mwaka. Lililo baya zaidi machoni pangu ni namna mfumo unavyompima mfugaji. Mtu wa Mashuuru mwenye ng'ombe 40 anaonekana tajiri kwenye fomu. Ukame uliodumu kutoka mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 uliua mamilioni ya mifugo nchini, na Kajiado ililia pamoja na wengine. Mali ya mtu huyo inaweza kuwa mizoga kabla muhula wa pili haujaanza. Fomu inayouliza kipato cha mwezi haimjui. Rufaa ipo, na anayeona amepangwa vibaya akate rufaa bila kuona haya.

Waliotamani chuo cha karibu wanacho cha kuchagua. Ongata Rongai kuna Africa Nazarene, kilichofunguliwa 1994. Kajiado mjini kuna Umma, chuo cha Waislamu. The East African University kiko Kitengela yenyewe, na Daystar kiko ng'ambo ya mpaka wa Machakos, Athi River. Vyote ni vya binafsi, na tangu mfumo mpya uanze wanafunzi wapya wa vyuo vya binafsi hukopeshwa na HELB lakini hawapati ufadhili. Hata hivyo mtoto akilala nyumbani, kodi ya chumba cha Juja au Eldoret haipo. Tena wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma tangu Septemba hadi Novemba 2025, na chuo cha kwanza kwenye orodha kilifungwa sawa na cha mwisho.

Kabla tovuti ya KUCCPS haijafungwa, tafuta mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi ileile, katika idara ileile. Kila mtaa wa Kitengela una wao, hasa likizo ikifika. Muulize matokeo ya mwaka wa kwanza aliyapata lini, na kama kuna alama zake zilizopotea. Muulize ni wahadhiri wangapi wa idara wameajiriwa kwa kudumu, wanafunzi wangapi hutumia darubini moja, na waliomtangulia walifanya mafunzo ya kazini wapi. Kisha mwombe mtoto wako akae hapo asikilize majibu mwenyewe, kwa sababu ndiye atakayelipa ule mkopo.