Nyuki, panya au mashine: nani ataisafisha ardhi kwa gharama nafuu?

Mkulima anayerudi kwenye shamba lake la muhogo baada ya vita anataka kujua mambo mawili: lini atapiga jembe bila woga, na nani atalipa. Makobola, eneo la Fizi mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya Uvira kwenda Baraka, ilipoteza watu wengi katika mauaji ya mwisho wa 1998, na tangu hapo bunduki hazijatulia Fizi. Nimezipima njia hizi tatu za kutafuta mabomu ya ardhini nikimfikiria mkulima huyo.

Nyuki ndio rahisi kuanza nao. Mafunzo ni ya siku chache: wanapewa maji ya sukari pamoja na harufu ya kilipuzi cha TNT, mpaka wakiisikia harufu hiyo wanatafuta chakula. Nikola Kezić na wenzake wa Chuo Kikuu cha Zagreb, Kroatia, walionyesha majaribio yao 2013, na watafiti wa Montana, Marekani, walikuwa wametangulia. Gharama huanza nyuki wakisharuka. Hawafungwi kamba, kwa hiyo lazima wafuatwe kwa kamera au mwali wa leza, na majani marefu huuziba mwali huo. Mvua ikinyesha hawatoki mzingani, na Fizi mvua huchukua miezi mingi. Tena nyuki wa kazi huishi wiki chache tu. Kundi jipya, mafunzo mapya.

Panya buku wako karibu zaidi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, nchini Tanzania. Shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu 2000. Panya mmoja huchukua miezi tisa hivi na yuro 6,000 au zaidi. Bei inashtua, lakini mbwa wa kazi hiyo hutajiwa takriban dola 25,000. Panya huyu hufanya kazi miaka kadhaa, malipo yake ni ndizi na karanga, na ni mwepesi kiasi kwamba akikanyaga bomu halilipuki. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye mashine ya kutafuta chuma anaweza kukaa hapo siku nne, kwa sababu mashine hulia kwa kila ganda la risasi na kila msumari, na kila mlio lazima uchimbwe. Panya hunusa kilipuzi chenyewe. Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alifichua zaidi ya mabomu 100 Kambodia na kutunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza 2020.

Lakini panya hufaa eneo linaloshukiwa kutegwa mabomu, lililokatwa majani na kupimwa kwa kamba, na mwenye mashine lazima aje nyuma yake kuchimba. Grenedi moja iliyoachwa kichakani haimhitaji. Inahitaji mtoto aliyefundishwa asiiguse, na fundi wa kutegua atakayefika akiitwa. Hapo ndipo ningeweka pesa ya kwanza, kisha panya na mashine kwa pamoja. Nyuki wasubiri.

Wafadhili wakija, waulizeni gharama ya kila mita ya shamba itakayorudishwa, si bei ya mnyama. Na ukikuta chuma usichokijua, usikiguse, usikirushie jiwe, usikichome. Rudi kwa nyayo zako, wazuie wengine, umwambie chifu siku hiyohiyo.