Mama amezaa lakini furaha haikuje: si uvivu, si ulozi



Kwetu huku, toka Kasongo mpaka Kabambare, mama akisha kuzaa tunauliza mambo mawili: mtoto ni mwanamume ao mwanamke, na mama yuko na nguvu? Tukipata jibu, tunashukuru Mungu, tunarudi nyumbani. Nani anauliza kama roho ya mama imetulia?

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema kwamba katika inchi maskini, karibu wanawake 16 kwa 100 wenye mimba, na karibu 20 kwa 100 walio zaa, wanapata ugonjwa wa akili, zaidi sana depresio. Ni kusema, kwa wamama watano walio zaa, mmoja anaumwa. Pengine ni dada yako.

Tutenganishe mambo matatu:

1. Machozi ya siku za kwanza. Mama analia bila sababu, kisha siku kumi ao wiki mbili inapita yenyewe.

2. Depresio. Huzuni inapita wiki mbili. Usingizi hakuna hata mtoto akilala, chakula hakina utamu, mama anajiona hana maana. Inaweza kuanza hata wakati wa mimba.

3. Kuchanganyikiwa: mama anasikia sauti, anasema maneno yasiyoeleweka. Ni wanawake 1 ao 2 kwa 1000. Hiyo ni ya haraka, munganga siku ile ile.

Mimi nilisoma agronomia. Muhindi ukigeuka manjano, hatuutukane kwamba ni muvivu. Tunaangalia udongo: pengine azoti imepunguka, pengine maji yamesimama kwenye mizizi. Mama naye tuangalie udongo wake: njaa, bwana anayepiga, mimba ya kubakwa, mtoto aliyekufa mbele, kukimbia vita kama watu wa Salamabila walivyokimbia. Tena mimba ya miezi nane, bado anabeba kitunga cha muhogo kichwani. Juu ya hayo yote tunasema "amerogwa", ao "ni muvivu". Wakati ule mtoto ananyonya vibaya na kilo haipande.

Dawa iko? Iko. Kule Pakistani, katika vijiji, wanawake watumishi wa afya, wasio wanganga, walifundishwa kutembelea wamama wenye depresio nyumbani na kuzungumza nao kwa mpango. Matokeo yalitoka mwaka 2008, kwa wamama 903: mtoto akifikisha miezi sita, wagonjwa walibaki 23 kwa 100. Kwa wale waliotembelewa tu kwa kawaida, walikuwa 53 kwa 100. Mwaka 2015 OMS ilitoa kitabu cha kufundisha kazi hiyo. Na sisi tuko na RECO wanaopita nyumba kwa nyumba juu ya chanjo. Wao wanaweza kujifunza.

Tukingojea hayo, kila mmoja afanye hivi: umuulize mama, "Wiki mbili hizi, roho yako iko namna gani?" Kisha nyamaza, sikiliza. Umupunguzie kazi ya shamba na maji. Umusindikize kituo cha afya, waangalie na damu kama imepunguka. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake hata saa moja.

Diplome yetu itatusaidia nini, kama nyumbani tunashindwa kuuliza ulizo moja?