"With-": Kiambishi Kilichogeuka Maana

Mwanafunzi akutanaye kwa mara ya kwanza na neno la Kiingereza "withstand" aweza kuligawa vipande viwili: "with", yaani pamoja na, na "stand", yaani kusimama. Kwa hesabu hiyo atadhani kwamba "withstand the enemy" ni kusimama pamoja na adui. Kumbe maana yake ni kinyume kabisa: kumkabili adui bila kushindwa. Kosa hili halitokani na uvivu wa mwanafunzi. Asili yake imo katika historia ya lugha yenyewe.

Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa Uingereza tangu karne ya 5 hadi karne ya 11 hivi, maana kuu ya "with" ilikuwa "dhidi ya". Maana ya "pamoja na" ilibebwa na neno jingine, "mid", lililo ndugu wa neno "mit" la Kijerumani. Baadaye "with" ilitwaa kazi ya "mid", na "mid" ya maana hiyo ikatoweka. Masalio yake yamo katika "midwife", yaani mkunga, ambaye kwa asili ya neno hilo ni aliye pamoja na mwanamke.

Kiambishi awali "with-" chenye maana ile ya kale kilizaa maneno kadha wa kadha. "Withsay" lilikuwa kukana au kupinga kwa maneno. "Withspeak", kusema dhidi ya mtu. "Withset", kuzuia au kupinga. Leo maneno hayo ni mfu. Kamusi kubwa ya Oxford, iliyoanza kutolewa kwa sehemu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, huyatia maneno ya namna hii alama yenye umbo la jambia.

Yalikufaje? Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno mengi yenye asili ya Kifaransa na Kilatini yaliingia katika Kiingereza, miongoni mwao "deny", "resist" na "contradict". Hili la mwisho latokana na "contra", dhidi ya, na "dicere", kusema. Kwa hiyo limeundwa sawasawa na "withsay" lililokufa. Tena, "with" ilipokwisha kugeuka maana, maneno ya kale hayakujieleza tena. Yaliyosalia katika matumizi ya kawaida ni matatu: "withstand", kustahimili, "withdraw", kuondoa au kujiondoa, na "withhold", kuzuia kitu kisitolewe.

Hata hivyo, maana ya kale haijafutika. Mwingereza asemapo "fight with" aweza kukusudia mwenzi wa vita au adui. Nasi tusemapo "Juma alipigana na Ali", "na" yetu yatuonyesha mpinzani. Basi mwalimu aanzie hapo: mwanafunzi aijuaye "na" hiyo hatashangazwa na "withstand".