KUINUA MOTOKAA NI NUSU YA KAZI

Wanachama wengi siku hizi wainua motokaa zao kwa springi ndefu au vipande vya chuma, ili zisigote mawe katika njia za mashambani wakati wa masika. Hatuwalaumu, mwenye magunia ya karafuu shamba, na mvua yaja, ataka chombo kitakachofika. Lakini mafundi wengine huacha kusema jambo moja: motokaa ikiinuliwa, propela shafti hubadili pembe yake, na pembe hiyo isiporekebishwa gari hujivunja lenyewe.

Wajumbe wetu waliyasikia haya mwaka 2024 walipowazuru wakulima wa kahawa wa Mbozi, katika Mkoa wa Songwe uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Ardhi ya huko ni nyekundu, na mvua za Novemba hadi Aprili huzifanya njia za mashambani kuwa utelezi mtupu. Kwa hiyo gari lililoinuliwa si kioja kutoka Vwawa mpaka Tunduma, mpakani mwa Zambia. Karibu na Tunduma pana mahali paitwapo Mpemba, inapochepuka njia ya Ileje. Jina hilo liliwafurahisha sana wenzetu. Mafundi wa hapo, waliozoea malori ya njia ya Zambia, waliwaambia neno moja: ukisha kuinua gari, usisifu springi, tazama krosi.

Sababu yake ni hii. Propela shafti hupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, nayo ina krosi mbili, moja kila ncha. Krosi iliyopinda haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kukawia mara mbili. Kwa pembe ya digrii 10 mwendo hupanda na kushuka kwa asilimia 1.5 hivi, kwa digrii 20, asilimia 6. Krosi ya pili hulifuta kosa la ya kwanza, lakini kwa sharti pembe zote mbili ziwe sawa. Gari likiinuliwa pembe hizo hukua, na difu ikigeuka hata kidogo, usawa umekwisha.

Dalili ni mtetemo uzidio kwa mwendo, kishindo unapotia gia, na vumbi jekundu la kutu kwenye krosi. Usizipuuze. Shafti ikikatika ncha ya mbele gari likienda, yaweza kuchoma ardhi na kulipindua. Na Land Rover za zamani breki yake ya mkono hushika shafti ya nyuma, si magurudumu. Shafti hiyo ikikatika mlimani, breki huenda isishike kitu, na nyuma wamekaa wachumaji.

Basi fanya hivi. Kwanza, simamisha gari mahali tambarare, likiwa juu ya magurudumu yake wala si juu ya jeki. Kwa kipimapembe na uzi wenye kitu kizito, pima mwinamo wa giaboksi, wa shafti na wa shingo ya difu. Tofauti ya giaboksi na shafti ndiyo pembe ya mbele. Tofauti ya difu na shafti ndiyo ya nyuma. Pembe hizo mbili zisipitane zaidi ya digrii 1. Pima tena gari likiwa na mzigo.

Pili, kama hazilingani, na springi ni za bapa, difu hugeuzwa kwa kabari kati ya springi na ekseli. Taka kabari ya chuma cha pua au chuma kigumu. Ya aluminiamu hupasuka. Kama pembe ni sawa lakini kubwa mno, giaboksi yaweza kushushwa kidogo, au gari lipunguzwe kimo.

Tatu, kabla ya kufungua shafti itie alama, ili vipande virudi vilivyokuwa. Vikipishana, kipimo chote ni bure. Hakikisha pia kwamba shafti haikuvutika mno ikakaribia kuchomoka. Kisha tia grisi.

Twawaomba wanachama wote wenye magari yaliyoinuliwa wayapime kabla msimu wa uchumaji haujaingia. Kipimapembe cha mtoto wa skuli ni rahisi kuliko shafti, na shafti ni rahisi kuliko roho ya mtu.