Sumu ya Kwelea Kwelea na Ndege Wasiohesabiwa

Mgori, kaskazini-mashariki mwa mji wa Singida, mashamba ya mtama, uwele na alizeti yanapakana na msitu wa miombo wa takriban hekta 40,000. Tangu katikati ya miaka ya 1990 msitu huo umekuwa ukitajwa kama mfano wa vijiji kusimamia misitu yao. Mpaka kati ya shamba na msitu unawahusu binadamu tu. Tai na mwewe wanaojenga viota msituni hutafuta chakula mashambani, hivyo katika mazingira ya aina hii kiuatilifu kinachomwagwa upande mmoja hakiishii upande huo. Kiuatilifu kinachostahili kuchunguzwa kwanza katika nyanda kame za Singida na Dodoma ni kile kinachotumika kuua kwelea kwelea.

Tatizo la ndege hawa wadogo wala nafaka ni la kweli. Kwelea kwelea ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini kundi la ndege milioni 2 hukadiriwa kuweza kula hadi tani 20 za nafaka kwa siku. Familia hulazimika kuamia mashamba, yaani kuwafukuza ndege, kuanzia alfajiri hadi magharibi, na watoto hukosa shule. Kundi likizidi uwezo wa wanakijiji, serikali hutuma wataalamu kutafuta malalo na mazalia, kisha ndege nyunyizi humwaga fenthioni jua linapozama, wakati makundi yanaporudi kulala.

Fenthioni ni jamii ya viuatilifu vya organofosfeti. Mwilini, ujumbe wa neva hupitishwa kwenye msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na kimeng'enya cha kolinesterasi huivunja mara kazi inapokwisha. Sumu hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe unakosa wa kuuzima, misuli inakakamaa, na pumzi inakatika. Damu ya mamalia ina vimeng'enya vingine vinavyovunja sehemu ya sumu kabla haijafika kwenye neva. Damu ya ndege inavyo kwa kiasi kidogo sana. Tena fenthioni hupenya ngozi. Nchini Marekani sumu hii iliwahi kuwekwa kwenye vitulio vya ndege, ikaingia mwilini kupitia nyayo zao. Kwa hiyo si lazima ndege ale kitu chenye sumu. Inatosha atue juu ya tawi lililonyunyizwa.

Madhara kwa ndege wasiokusudiwa hupita njia mbili. Ya kwanza ni ya moja kwa moja: wanaolala kwenye miti ileile, au walio upande ambao upepo unapeleka matone, hupata dozi ileile. Ya pili hupitia tumboni. Kwelea aliyenyunyiziwa mara nyingi hafi papo hapo. Huruka akiyumba, huanguka, hushindwa kukimbia. Ndiye anayekamatwa kwanza. Malalo yenye mamia ya maelfu ya ndege, au mazalia yaliyojaa makinda, huvuta tai, mwewe, bundi, kongoti na tai wa nyika wanaohamia kutoka Asia. Hivyo ndege wala nyama hukusanyika kwa wingi mahali palepale na wakati uleule ambapo sumu inamwagwa.

Ushahidi si mpya. Mwaka 1987 mtafiti Simon Thomsett aliripoti vifo vya ndege wala nyama vilivyofuata upuliziaji nchini Kenya. Mwaka 1989 Richard Bruggers na wenzake walichapisha utafiti wao, pia wa Kenya, kuhusu athari kwa ndege wasiolengwa. Mwaka 2004 McWilliam na Robert Cheke walikusanya na kupitia tafiti za aina hiyo, na mwaka 2012 Cheke pamoja na watafiti wakiwemo Watanzania walichapisha vipimo vya kolinesterasi katika damu ya ndege waliolengwa na wasiolengwa. Kupima kolinesterasi kuna nguvu kuliko kuhesabu mizoga. Kimeng'enya kikishuka kwa zaidi ya asilimia 20 katika ubongo, ndege amekutana na sumu. Kikishuka kwa zaidi ya nusu kwa ndege aliyekufa, sumu ndiyo inayoshukiwa kuwa chanzo cha kifo. Mizoga, kwa upande wake, huliwa na fisi na mbweha usiku uleule, na tai aliyekula asubuhi huweza kufia mbali na malalo. Idadi inayookotwa basi ni kiwango cha chini kabisa cha vifo.

Hatari kubwa zaidi imo katika hesabu ya uzazi. Kwelea hutaga mayai kama matatu, makinda huanguliwa baada ya siku 10 hivi, na ndege hao huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka wakifuata mvua. Tumbusi hutaga yai moja, na kinda lake huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa. Vifo vinavyofutwa na misimu michache upande wa kwelea havifutiki kwa miaka mingi upande wa tumbusi. Sumu inakuwa chujio: inawapitisha wanaozaa haraka na kuwazuia wanaozaa polepole. Baada ya miongo ya upuliziaji, kwelea bado wanakadiriwa kuwa zaidi ya bilioni moja barani Afrika.

Wanaozaa polepole wako katika hali nyingine. Mwaka 2016 mtafiti Darcy Ogada na wenzake walionyesha kwamba spishi nane za tumbusi wa Afrika zilipungua kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka 30, na kwamba asilimia 61 ya vifo vilivyoripotiwa vilitokana na sumu. Sehemu kubwa ya sumu hiyo si fenthioni. Ni viuatilifu kama kabofurani, vinavyopakwa kwenye mizoga na wafugaji wanaolipiza kisasi kwa simba na fisi, au na majangili. Hata hivyo vifo hujumlishwa, na ndege mla nyama yuleyule hukabiliwa na sumu zote hizo. Tai wa nyika na tai-pungu tayari wamo katika orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini kutoweka.

India imekwisha kuonyesha mwisho wa njia hii. Huko, dawa ya mifugo ya diklofenaki iliangamiza zaidi ya asilimia 99 ya spishi moja ya tumbusi kati ya 1992 na 2007. Chanzo kilitambuliwa 2004, wakati ndege wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Mwaka 2025, baada ya kukwama mara kadhaa tangu 2015, pendekezo lililoanzia Chad lilikubaliwa, na fenthioni ya kupulizia kwelea ikaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaohusu biashara ya kimataifa ya kemikali hatari. Hilo si katazo: nchi inayoagiza hupewa taarifa kwanza, kisha huamua yenyewe. Uamuzi huo hauwezi kuwa na msingi bila vipimo. Kila upuliziaji ufuatiwe na ukusanyaji wa mizoga, upimaji wa kolinesterasi na taarifa iliyo wazi kwa vijiji vinavyohusika. Ukamataji wa kwelea kwa nyavu na mitego, ambao watu wa Kondoa, mkoani Dodoma, wanaufanya kwa ajili ya kitoweo, upewe fedha na utafiti, na malalo yanayovunwa na wategaji yasinyunyiziwe kamwe, kwa kuwa sumu ileile huishia sahanini. Sera inayohesabu kwelea waliokufa bila kuhesabu tai waliokufa nao haijapima gharama yake.